Mgeni Apande Ishirini

Jiji la Houston halina hata kichuguu. Prudensia aliligundua hilo wiki aliyoamua kumfanyisha baba yake mazoezi ya mlima. Alizunguka na gari kuanzia Missouri City, walikokuwa wakiishi, hadi Alief, akitafuta mahali palipoinuka. Akapata daraja la barabara kuu, ambalo lingemfaa tu mtu aliyechoka kuishi. Mwishowe akakumbuka jengo la kuegeshea magari la kliniki alikokuwa akifanya kazi. Lilikuwa na ghorofa saba, ngazi pana, vyuma vya kushika pande zote mbili, na mlinzi aliyemfahamu.

"Huo ndio mlima wetu," akasema, na jambo likaisha.

Ndivyo alivyokuwa Prudensia. Kazini alipanga zamu za wauguzi arobaini, na hakuna aliyewahi kumwona akipanga zamu moja mara mbili. Stashahada yake ya chuo, aliyoipata kwa kusoma jioni huku akilea mtoto, aliitundika sebuleni mahali ambapo mgeni asingeweza kuikosa. Maneno mengi yalimchosha. Akipewa karatasi iliyojaa maandishi alitafuta sentensi yenye maana, akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, mengine akayaacha yajifie. Na palipokuwa na kosa la kuandika alilisahihisha papo hapo, hata kama barua ilikuwa ya mkuu wake.

Mwaka huo wa 2003, jambo lililokuwa mezani lilikuwa la baba yake.

Mzee Gelasius alikuwa Bwana Miti. Alisomea misitu Olmotonyi, akafanya kazi hiyo tangu ujana mpaka pensheni. Mwaka 1964, akiwa na miaka ishirini na saba, aliingia msitu wa Lukolongo pamoja na watu wanane wenye mapanga, kuhesabu miti. Lukolongo ni mlima ulio nyuma ya Uluguru, upande usioonekana kutoka Morogoro mjini, na wakati ule hata ramani iliuonyesha kwa nukta nukta. Walikaa humo siku kumi na moja, wakafika mpaka kileleni. Tangu hapo, kila Prudensia alipokataa kulala utotoni, alisimuliwa Lukolongo: miti yenye ndevu za kuvu kama wazee, maji yanayodondoka bila mvua, na kule juu mwamba mtupu, ukisimama hapo unaona tambarare lote mpaka macho yanakoishia. "Ukikua nitakupeleka," baba alisema. Kisha akahamishiwa Tabora. Kisha Mtwara. Kisha mke akafariki, na binti yake wa pekee akamleta Texas akae naye.

Sasa alikuwa na presha ya macho. Mwezi wa pili daktari aliwaambia waziwazi kwamba mzee alikuwa akiuona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lilikuwa likizidi kuwa jembamba. Dawa zingechelewesha, zisingezuia. Mwaka ujao ukianza, huenda angebaki akitofautisha mwanga na giza tu.

Ndani ya gari, walipokaribia nyumbani, mzee aligeukia dirisha.

"Basi Lukolongo ningeiona sasa hivi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha.

Prudensia si mtu wa kulia. Kesho yake, saa ya mapumziko ya kazini, alifungua faili jipya kwenye kompyuta na kuliita LUKOLONGO JULAI. Ilikuwa lazima iwe Julai. Kitabu cha wasafiri alichokiazima maktaba kilisema milima ya Tanzania ipandwe kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, na baada ya hapo macho ya baba yake hayakuwa na muda wa kusubiri kiangazi kingine.

Kwa kuuliza huku na kule alipata jina la kiongozi. Aliitwa Majaliwa, mlinzi wa msitu wa kijiji cha Kitundwe, chini kabisa ya mlima. Kijijini hapakuwa na simu. Ila kila Jumamosi Majaliwa alishuka mjini Morogoro, nusu kwa miguu, nusu kwa lori la ndizi, akaingia kwenye mgahawa wa intaneti na kusoma barua pepe zake. Prudensia akamwandikia kama alivyowaandikia wauguzi:

"Ndugu Majaliwa. Tuko watu saba kutoka Texas. Tunakuja kupanda mwezi wa saba. Mmoja ni mzee wa miaka sitini na sita. Tafadhali andaa kila kitu. Jibu haraka. Prudensia."

Watu saba walikuwa yeye, baba yake, binti yake Shalom wa miaka kumi na tano, na wanne kutoka Plano, kule Dallas, yaani rafiki yake Ndeshi na wenzake watatu. Ndeshi alisoma naye chuo, sasa alikuwa na ofisi yenye dirisha katika kampuni kubwa, na alikuwa Mchaga ambaye hakuona ni kwa nini mtu apande mlima mwingine wowote.

"Mama Shalom, kwetu kuna mlima wenye theluji na vyeti," alisema kwenye simu. "Wewe unanipeleka kwenye kichaka."

"Kichaka hicho baba yangu alikihesabu mti kwa mti. Kwenu mlishawahi kuhesabu theluji?"

"Haya bwana. Nakuja kwa ajili ya mzee. Si kwa ajili yako."

Jumamosi jibu la Majaliwa likafika, Prudensia akalichapisha. Lilikuwa refu. Lilianza na salamu za kijiji, likapita kwenye mvua, likaeleza kwamba mbuzi wa mwenyekiti alikuwa amezaa mapacha. Kalamu nyekundu ilivuka yote hayo na kutua hapa:

"Nimefurahi mno kusikia mnakuja kupanda. Tangu mradi uliokuwa hapa ufungwe hatujapata mgeni wa namna hiyo. Ila mwezi wa saba haufai, ardhi inakuwa imekauka. Njooni mwezi wa tatu mwakani, mvua ikishika. Kuhusu mzee msiwe na wasiwasi. Kwetu hata watoto wa darasa la pili hupanda."

"Anasemaje?" mzee aliuliza kutoka kwenye kiti chake. Siku hizo hakuweza tena kusoma herufi ndogo.

"Anasema hata watoto wanapanda, usihofu," alijibu Prudensia, na akaiweka karatasi kwenye jalada.

Yeye mwenyewe alihofu kidogo. Akaandika: "Mwezi wa tatu kuna matope. Hatuwezi kupanda kwenye matope. Ni Julai au basi. Nieleze kwa siku moja mtu anapanda kiasi gani."

Jumamosi iliyofuata: "Mama, matope ndiyo tunayoyataka. Kiasi, mgeni apande ishirini kwa siku, asizidishe, mgongo utamuuma. Mwenyeji hupanda hamsini."

Prudensia aliisoma mara mbili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Ishirini nini? Kilomita zisingewezekana. Dakika zilikuwa chache mno. Lakini kulikuwa na namba, na kwake namba haitupwi.

"Baba, kiongozi anataka mgeni apande ishirini kwa siku."

"Ishirini nini?"

"Ishirini. Tutaanza na ghorofa."

Mzee aliinua mabega. Alikuwa amewaamuru watu maisha yake yote, na uzeeni alikuwa amegundua raha ya kuamriwa.

Hivyo kila asubuhi kabla ya kazi, na Jumapili baada ya misa, wakawa wanapanda jengo la magari. Ghorofa saba juu, wanashuka kwa lifti, saba tena, lifti, saba tena. Wiki ya kwanza mzee aliishia ghorofa ya tano. Wiki ya tatu alifika kumi na mbili. Prudensia alipanda nyuma yake, mkono ukiwa karibu na mgongo wake bila kuugusa, na aliona kitu ambacho hakuwa amekitazamia. Baba yake, aliyegonga kona za meza nyumbani, kwenye ngazi hakukosea. Mguu ulipima kwanza, ukakubali, ndipo uzito ukafuata. Hakuwahi kuharakisha wala kusimama katikati ya hatua. Miaka arobaini ya kutembea juu ya mizizi ilikuwa bado imo kwenye vifundo vile vyembamba, na Prudensia, mwenye viatu vya bei na mapafu ya miaka arobaini na moja, alikuwa akihema kuliko yeye.

Mlinzi wa jengo, Bisimwa, alikuwa Mkongomani wa Bukavu. Aliwapisha kwenye ngazi na kuwalipisha kwa maneno.

"Mama Pru! Munakuya tena ku ile mulima ya sima?"

"Tunakuja kwenye saruji yako. Fungua mlango."

"Sikia ye! Siye tulipanda mulima na watoto mu mugongo, tunakimbia masasi, hakuna mutu alitupongeza. Weye unaenda mu ndege juu ya kupanda ya bure. Na huyu papa wa watu, unamupeleka kupanda nini? Muhogo?"

Mzee Gelasius alicheka mpaka akashika chuma cha ngazi. Prudensia hakucheka. Alikuwa akitazama saa.

Kisha, katikati ya mwezi wa nne, ikaja barua iliyoharibu kila kitu. Prudensia alikuwa amesisitiza Julai kwa mara ya tatu, na Majaliwa, ambaye mpaka hapo alikuwa mpole kama maziwa, safari hii hakupamba maneno:

"Mama, nisamehe nikisema wazi. Kupanda wakati wa vumbi ni kuua. Nimeona kwa macho yangu. Watu wa mradi walilazimisha kupanda mwezi wa nane kwa sababu ya ripoti yao. Haikupona hata mmoja. Mimi siwezi kusimamia jambo la namna hiyo tena. Nilikaa wiki nzima sitaki kupita pale."

Prudensia alichukua kalamu nyekundu. Akapiga mstari chini ya kuua. Akapiga mstari chini ya hata mmoja. Palipoandikwa haikupona aliona kosa la kuchapa, haraka za mgahawa, akalikata na kuandika juu yake kwa wino mwekundu: hawakupona. Kisha akaipeleka Plano kwa faksi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha habari mbaya.

Ndeshi alipiga simu kabla karatasi haijapoa.

"Hata mmoja, Pru? Watu wazima wa mradi, na vifaa vyao? Na sisi tumpeleke mzee asiyeona?"

"Nimesoma."

"Basi soma na hili. Tiketi wametushikia mpaka Jumatatu. Hawa watu wangu nimewaambia, wanataka Kilimanjaro, na mimi sitawalaumu. Njoo Jumamosi tuongee kwangu. Mlete mzee. Aambiwe na watu wote, asiambiwe na wewe peke yako jikoni."

Hilo la jikoni lilimchoma, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amekusudia kufanya.

Jumamosi wakatoka mapema. Kutoka Missouri City hadi Plano ni mwendo wa saa tano ukiheshimu alama za barabarani. Prudensia aliendesha, mzee alikaa mbele, Shalom alijitandaza nyuma na vipokea sauti masikioni. Kabla ya kuondoka Prudensia alikuwa ameona kuna barua mpya ya Majaliwa, akaichapisha na kuitia kwenye jalada bila kuisoma. Alidhani anajua kilichomo.

Walipokaribia Huntsville nchi ilianza kujikunja, mabonde mepesi yenye misonobari.

"Hapa pana kilima," alisema mzee.

"Umekiona?"

"Injini imebadilisha sauti." Akapapasa mkanda wa kiti. "Pru, tunakwenda kwa Ndeshi kuniambia nini?"

Prudensia alikaza mikono kwenye usukani. Alikuwa amepanga sentensi tatu fupi. Akazitoa zote tatu.

"Kiongozi hataki Julai, baba. Anasema kuna hatari. Anasema kuna watu walikufa."

"Lukolongo?" Mzee aligeuza uso mzima, kama alivyozoea siku hizo, ili ampate ndani ya bomba lake. "Watu wangekufa Lukolongo ningesikia. Nisomee anavyosema yeye."

"Naendesha. Nimekueleza muhtasari."

"Muhtasari nimelishwa miezi miwili. Shalom! Mjukuu wangu, toa hayo madude masikioni. Kuna jalada hapo nyuma. Nisomee barua."

"Babu, my Swahili is terrible."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Wewe huwezi kuruka."

Na kweli Shalom hakuweza kuruka. Kiswahili alikijua kwa kusikia, lakini kusoma alikusoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, silabi baada ya silabi, bila kujua jiwe linalofuata liko wapi. Alisoma salamu. Alisoma mvua. Alisoma mbuzi wa mwenyekiti, na mzee akauliza kama mapacha ni majike. Alisoma matope, ishirini, mgongo na hamsini, na mzee akaanza kukunja uso. Kisha akafika kwenye barua ya vumbi.

"Wa-tu wa mra-di wa-li-la-zi-mi-sha ku-pa-nda mwe-zi wa na-ne kwa sa-ba-bu ya ri-po-ti ya-o. Ha-i-ku-po-na ha-ta mmo-ja."

"Rudia hapo."

"Ha-i-ku-po-na. Oh wait, Mom ameikata. Ameandika juu yake hawakupona."

"Achana na alichoandika mama yako. Mwenye barua kaandika nini?"

"Haikupona. H, A, I."

Mzee Gelasius alilaza kichwa kwenye kiti. Mabega yakaanza kutikisika. Prudensia alidhani analia, akatafuta pa kutokea barabarani, kisha akasikia kwamba ni kicheko, kile cha zamani, kinachoanzia chini tumboni na kupanda polepole.

"Pru," alisema alipopata pumzi. "Watu wakifa, hawakupona. Haikupona ni nini?"

Prudensia alilipima neno lile herufi kwa herufi. Kilomita nzima ilipita. Malori mawili yaliwapita.

"Miti," akasema.

"Miti! Huyu bwana anakusubiri na miche, mwanangu. Tangu siku ya kwanza. Umemwandikia unakuja kupanda, hukumwambia kupanda nini. Katika maisha yake yote ni nani amewahi kutoka ng'ambo akapanda Lukolongo kwa miguu, kwa raha zake? Wanaokuja huko huja na miche. Ishirini kwa siku, mgongo utauma! Kwa kuinama, Pru! Na wewe ukanipandisha gereji!"

"Mulima ya sima," alisema Shalom kutoka nyuma, akiigiza sauti ya Bisimwa, na sasa wote wawili walikuwa hawajiwezi kwa kicheko.

Prudensia aliingia kituo cha mafuta kilichofuata na kuzima gari. Uso ulikuwa ukimwaka. Yeye, mwenye stashahada ukutani, alikuwa amemsahihisha Kiswahili mtu aliyekiandika sawasawa, na kwa sahihisho hilo alikuwa karibu amnyang'anye baba yake mlima.

"Kuna nyingine hapa," alisema Shalom. "Ya leo."

"Isome," alisema Prudensia. "Usiruke."

Barua ya leo ilikuwa fupi kuliko zote. Majaliwa aliomba radhi kwa ukali wa barua iliyopita. Alisema amefikiri sana, na ameona watu wanaotaka kutoka mbali hivyo ili kupanda hawafai kukatishwa tamaa. Tangu barua yao ya kwanza alishatayarisha kitalu nyuma ya nyumba yake na kuotesha mbegu za mikangazi, mia tatu na hamsini, yaani hamsini kwa kila mgeni, ikiwa wataongeza siku. Miche ilikuwa imeshachomoza. Ameiwekea kivuli cha majani ya migomba, na mke wake anaimwagilia asubuhi na jioni. Ikifika mwezi wa tatu itakuwa na kimo cha goti. Wasipoweza kuja wakati huo, ataelewa, ataipanda mwenyewe kwa majina yao. "Naomba tu mama unitumie hayo majina saba, yaandikwe vizuri."

Shalom alipomaliza aliikunja karatasi na kuirudisha kwenye jalada. Mtu mmoja alikuwa akijaza upepo tairi la gari lake kando yao.

Prudensia alikuwa amefanya kazi na watu wengi. Aliwajua wanaoahidi, wanaosahau, na wachache wanaofanya walichoambiwa. Mtu aliyepokea mistari minne kavu kutoka kwa mgeni asiye hata na salamu, akaenda kuotesha miti mia tatu na hamsini, huyo hakuwa amewahi kumpangia zamu.

"Tumemdanganya," alisema.

"Hatujamdanganya bado," alisema mzee. Alikuwa amekaa wima. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Prudensia hakuwa amekisikia tangu Mtwara. "Mti unapandwa mvua. Lakini shimo lake huchimbwa kiangazi. Unalichimba Julai, unaliacha wazi, jua linaua wadudu, udongo wa juu unakaa upande wake, wa chini upande wake. Mvua ikija, mche unaingia kwenye nyumba iliyokwisha kupumzika. Shimo la kuchimba siku ileile ni la wavivu na la watu wa ripoti. Mwandikie hivyo. Mwambie tunakuja Julai kwenda mpaka kileleni, na tukishuka tutamchimbia mashimo. Yeye atapanda mwezi wa tatu. Mwambie yupo Bwana Miti, atamchagulia mahali maadamu bado anapaona."

Kwa Ndeshi, wale wengine walikuwa wamekaa na vipeperushi vya Kilimanjaro mapajani, chai na sambusa mezani. Mzee Gelasius hakukaa. Alisimama katikati ya zulia na kuwaeleza habari ya haikupona mwanzo hadi mwisho, akimwiga Prudensia na kalamu yake vizuri kiasi kwamba Ndeshi alilazimika kuweka kikombe chini.

"Jamani! Mwalimu wa sarufi!" Ndeshi alijifuta machozi. "Pru, nitakuandikia kwenye kaburi: hapa haikupona."

"Cheka umalize. Halafu uniambie kama unakuja."

Ndeshi alitazama vipeperushi, akamtazama mzee, aliyekuwa akipapasa meza taratibu kutafuta sambusa ambayo kila mtu mwingine aliiona.

"Mashimo mangapi kila mtu?"

"Mgeni ishirini," alisema mzee. "Asizidishe."

Jumatatu tiketi zikanunuliwa, saba, mpaka Dar es Salaam.

Barua ya Prudensia kwa Majaliwa safari hii ilianza na salamu, ikauliza mapacha wa mwenyekiti wanaendeleaje, ikaomba radhi, ikaeleza yote, na ya macho pia. Ilijaza ukurasa. Jumamosi jibu likaja, naye akalichapisha, akakaa kwenye kiti kando ya baba yake na kumsomea neno kwa neno.

"Mama, nimecheka mpaka mwenye mgahawa akaja kuniangalia. Sisi huku hatusemi kupanda mlima, tunasema kwenda juu. Kwenda juu Julai ni kuzuri sana. Vijana wanafika siku ya tatu. Sisi na mzee tutatumia tano, kwa sababu msitu wetu hauna pa kukimbilia. Kuhusu macho, mama yangu mzazi aliona hivyo kwa miaka miwili kabla macho hayajafungika, kwa hiyo naelewa. Nitatembea mbele ya mzee hatua tatu, nimevaa shati jekundu. Fimbo yangu ikigonga mara moja, kuna mzizi. Mara mbili, kuna jiwe. Tutalala chini ya mwamba ili tufike juu asubuhi, ukungu ukiwa bado bondeni. Akifika asitazame mbali kwanza. Aanze na mkono wake, kisha jani, kisha mti, kisha bonde, kisha tambarare. Jicho la namna hiyo ukilipeleka mbali ghafla linapotea. Likienda kwa hatua linafika. Mashimo tutachimba yeye akishaamua. Mwambie Bwana Miti namngojea."

Kalamu nyekundu ilikuwa mezani na kifuniko chake. Prudensia alipitia ile barua tena kutafuta kilichosahauliwa, kama alivyofanya na kila ratiba iliyoletwa mbele yake. Hakukuwa na kitu cha kuongeza.

"Huyu angekuwa hapa," alisema, "ningemwachia zamu zote nikalale."

"Kisha jani," alisema mzee, kama hakumsikia. "Kisha mti."

Jumapili baada ya misa walirudi kwenye jengo la magari. Shalom alitangulia, hatua tatu mbele, amevaa fulana nyekundu ya timu ya shule, na mwavuli mkononi. Tak, mzizi. Tak tak, jiwe. Hakukuwa na mzizi wala jiwe, aligonga alipojisikia, na mzee alinyanyua mguu kwa utiifu juu ya kila kitu kisichokuwepo. Bisimwa aliacha kibanda chake na kuwafuata kwa nyuma akihesabu ghorofa kwa sauti, kwa Kifaransa, kama anayehesabu kura.

"Dix-neuf, kumi na tisa! Papa, sasa munapanda nini, nielezee."

"Vyote viwili," alisema mzee.

"Vingt!"

Mzee Gelasius alisimama. Akageuka taratibu, akapapasa ukingo wa ngazi kwa mguu, akakaa.

"Bado moja, baba," alisema Prudensia. "Tukimaliza hii tumefika juu kabisa."

"Majaliwa kasema ishirini." Alinyoosha mgongo, akausikiliza. "Hauumi."

Juu yao ilibaki ghorofa moja, mlango wa chuma, na Houston yote iliyolala bapa mpaka mwisho wa macho. Prudensia aliutazama ule mlango. Kisha akakusanya sketi yake ya kanisani na kukaa kwenye ngazi kando ya baba yake.